Eda Yangu na Filamu ya Mzimamoto

Huko zinakotengenezwa wanaziita filamu za kiangazi. Zikifika huku kwetu Bagamoyo ni mwezi wa sita na wa saba, kipupwe kimekaza, watoto wanakwenda chuo cha Kurani asubuhi na masweta, na mimi nimejifunga kanga mbili juu ya gauni. Kila mwaka mume wangu alikuwa akicheka: "Kiangazi chao kimeanza, bibie, tafuta koti." Tunapanda pikipiki yake, tunaipita Kerege, tunaipita Mapinga, upepo unatukata masikio, mpaka Dar kwenye jengo moja la maduka lenye sinema ghorofa ya juu. Tulifanya hivyo miaka tisa mfululizo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na moja, na ninapenda vitabu vya katuni vya mashujaa tangu nikiwa darasa la tano. Najua inavyosikika. Shangazi yangu alishaniuliza mbele za watu nitakua lini. Baba alikuwa akiniletea vya mtumba kutoka Dar, alivyonunua kwa wauza vitabu wa pembeni ya barabara, vingine havina jalada, vingine vimechanika kurasa za mwisho. Kiingereza nilikuwa sikijui. Nilisoma picha, maneno nikajitungia mwenyewe.

Kwa hiyo mimi nikiingia sinema naingia na ugomvi wangu. Kwanza nguo. Hebu niambie, yule mtu anakwendaje msalani na vazi lile? Zipu iko wapi? Nimeshona magauni ya harusi miaka ishirini, najua kabisa nguo inayobana namna ile ukichuchumaa inapasuka makalioni. Halafu mji. Kila mwaka wanabomoa mji uleule, maghorofa yanadondoka, watu wanakumbatiana, filamu imekwisha, na sijaona hata siku moja mtu ameshika ufagio. Vitabuni walikuwa wanafagia! Ninacho kimoja ambacho shujaa anazoa vifusi na majirani mwanzo mpaka mwisho, hakuna hata mtu mmoja anayepigwa ngumi. Nani atakiweka hicho kwenye sinema? Hakuna. Nikianza hayo gizani mume wangu ananifinya mkono, "Bibie nyamaza, watu wanatazama." Nanyamaza kidogo, naanza tena.

Ilikuwepo filamu moja tuliyoiheshimu wote wawili. Ilimhusu mzimamoto anayemeza moto na kuutunza kifuani. Sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili nzuri zaidi, maana mwishoni alimeza moto wa mji mzima, kifua kikashindwa, akatumbukia baharini. Maji yakamfunika, taa zikawashwa. Nikasema huyu amekufa. Mume wangu akasema hajafa, staring hafi. Nikamwambia amekufa, na wakimrudisha watakuwa wametudharau, maana kitabuni walimrudisha na mimi nikakitupa kile kitabu uvunguni, sijakigusa tena. Tulibishana tangu Dar, yeye anapiga kelele akiwa mbele, mimi nyuma, hata tulipofika Mapinga akasimamisha pikipiki pembeni ili abishane vizuri. Sehemu ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, walisema itachukua miaka miwili. Tukaanza kuisubiri.

Mume wangu alikufa mwezi wa nne, asubuhi, bafuni. Alikuwa fundi umeme na siku hiyo alikuwa anajiandaa kwenda kufunga nyaya kwenye nyumba mpya Mapinga. Presha, walisema. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia ndoo inaanguka, nikapaza sauti, "We! Utanivunjia ndoo!" Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Silisemi ili nihurumiwe. Nalisema kwa sababu nimelikumbuka mara nyingi na kila mara nimesubiri linichome, lisinichome. Watu walilia, nikawaona wanalia. Walinishika mikono, nikaiona mikono yangu imeshikwa. Wengine wakasema nina subira kubwa. Haikuwa subira, nilikuwa nimekufa ganzi tu.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna wanja, na hakuna kutoka nje bila dharura. Nilikaa palepale nyumbani kwetu pamoja na mama mkwe, ambaye mume wangu alikuwa mtoto wake pekee. Televisheni ilifunikwa kitambaa tangu siku ya msiba na hakuna aliyekifunua. Nilishona mapazia ya watu. Ukutani nilitundika kalenda, ya duka moja la saruji, nikawa kila asubuhi nakata siku kwa chaki ya kushonea.

Mwishoni mwa mwezi wa saba mdogo wangu anayefanya kazi Dar akanipigia simu. Hakujua aseme au asiseme. Mwishowe akasema, "Dada, ya mzimamoto imetoka."

Nilikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nilitaka kitu. Nilitaka kwenda kuiona, pale pale ghorofa ya juu, katika viti vyetu vya safu ya nyuma, nijue nani kati yetu alikuwa sahihi, kwa sababu yeye aliondoka hajui. Na nilijiambia kwamba pale ndipo nitalia. Taa zitazimwa, hakuna atakayenitazama usoni, nitalia mpaka nichoke, nirudi nyumbani nikiwa mtu. Moyo wangu wote niliuweka hapo.

Nikamwambia mdogo wangu anichunguzie itakaa mpaka lini. Akanijibu baada ya wiki mbili: mara ya mwisho ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi, Ijumaa wanaweka nyingine. Nikaenda kwenye kalenda. Eda yangu ilikuwa inaisha Ijumaa hiyohiyo.

Siku moja! Nilihesabu tena na tena, chaki ikaniishia mkononi. Mwisho, Jumatano, nikamfuata mama mkwe uani, alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza, siku moja tu ina nini, mama? Nikienda Alhamisi na kurudi nani atajua? Hakuinua uso. "Eda haikatwi, mwanangu," akasema. Nikarudi kwenye cherehani. Ile Alhamisi ilipofika nilishona mapazia ya madirisha sita, na saa ya filamu ilipita nikiwa nakunja pindo.

Ijumaa baada ya sala wanawake wa mtaani wakaja kunitoa eda. Alikuja pia mwalimu wetu wa chuo, bibi mmoja mkali ambaye amewafundisha watoto wa mtaa mzima juzuu ya kwanza. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akauliza marehemu alifariki lini. Wakamwambia, katikati ya Mfungo Mosi. Akaanza kukunja vidole. Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu. Akavikunjua, akarudia. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Eda yako imekwisha tangu Jumatatu. Nani alikuwa anahesabu?"

Watu wote wakageuka kutazama ukuta wenye kalenda iliyojaa chaki. "Astaghfirullahi," akasema mwalimu, "eda inahesabiwa kwa mwezi mwandamo, wewe unahesabu kwa kalenda ya saruji?" Wanawake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao kwa kuwa ndilo lililokuwa linafanyika. Miezi ya mwandamo ni mifupi, hilo hata mtoto wa chuo analijua. Nililijua. Jumanne, Jumatano na Alhamisi nilikuwa mtu huru kabisa, nimekaa ndani nakunja mapindo. Nikamtazama mama mkwe. Yeye peke yake hakucheka.

Wanawake walipoondoka akafunga mlango, akabaki ameushika komeo.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Mimi mwezi nautazama kila unapoandama, hapo hapo uani. Jumatatu niliamka najua. Nikasema leo nitamwambia. Jumanne nikasema kesho. Ulipokuja kuniuliza habari ya siku moja ulimi ukawa mzito." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Eda ikiisha utarudi kwenu Pangani. Nitakaa na nani mimi humu ndani? Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naiba siku."

Mtu mwingine angepandisha. Mimi ni mtu wa hasira, wanaonijua wanajua, nimewahi kumtupia mteja gauni lake dirishani. Nikaitafuta ile hasira kila mahali. Sikuipata. Nilimwona tu mwanamke mzee ameshika komeo. Nikamwambia, "Haya, mama. Yameisha." Akalia zaidi, maana nadhani alitaka nimgombeze.

Kesho yake, Jumamosi, alivaa buibui lake la kutokea akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi kabla ya alasiri, jasho linamtoka, akafungua kiganja. Kilikuwa na flashi.

"Nimewaletea huyo mzimamoto wenu," akasema.

Alikuwa amekwenda kwenye lile banda la kuuza muvi, karibu na stendi, mahali ambapo hajawahi kukanyaga maishani. Alipanga foleni na vijana. Walimuuliza, bibi, unataka ya Kizungu au iliyotafsiriwa? "Nikawaambia ya Kiswahili, na mimi nitazame. Wakanipa kiti. Watoto wana adabu wale, watu wanawasema bure."

Mume wangu asingekubali kitu kile kiingie nyumbani. Ilikuwa imerekodiwa kwa simu ndani ya sinema, picha imekaa upande, mara kichwa cha mtu kinapita na bisi zake. Juu ya sauti ya wenyewe kulikuwa na sauti ya mtafsiri, anasimulia kila kitu kwa kelele na kujiongezea ya kwake. Nikafunua kitambaa, nikachomeka flashi. Tukakaa mkekani, mimi na mama mkwe.

Alinisumbua tangu mwanzo. Huyu ni nani? Huyu ni adui au mwenzao? Mbona wanamwaga maji hivyo? Walipomwonyesha mzimamoto katika picha ya ukutani, watu wanamwombolezea, akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Hana mama, hadithi haikumpa."

"Kila mtu ana mama," akasema. Nikamwambia mama, tazama tu.

Karibu na katikati bahari ikaanza kuchemka. Nikajua kinachokuja, nikashika mkeka. Maji yakapasuka, akatoka taratibu, anatembea kuja ufukweni, moshi unamtoka mabegani. Mtafsiri akapagawa: "Huyoooo! Staring huyo! Anawaambia, jamani, mimi bado nipo!"

Basi. Mume wangu alikuwa sahihi, mimi nilikosea. Nikasubiri machozi. Niliyangoja kwa uaminifu, mikono mapajani. Badala yake nikajikuta natazama vazi lake, nashangaa kwamba limekauka, na kwamba mshono wa begani uko vizuri, aliyeushona anaijua kazi yake. Hakuna kingine kilichokuja. Nikaona miezi minne yote ile nilikuwa nasubiri mshono wa begani.

Mama mkwe alikuwa amesimama.

"Amerudi," akasema.

"Ndiyo, mama, amerudi."

"Si walimwona akizama?"

"Walimwona."

"Wakamlilia?"

"Wakamlilia, mama."

Akakaa tena polepole. Kwenye televisheni walikuwa wameshaanza kupigana, maghorofa yanadondoka, mtafsiri anacheka. Lakini nilimwona hatazami. Macho yake yalikuwa yamebaki nyuma. Akanigusa goti.

"Mwanangu, hicho kitu kinaweza kurudi nyuma?"

"Kinaweza."

"Rudisha kidogo. Hapo anapotoka."

Nikarudisha. Bahari ikachemka, akatoka, akatembea mpaka ufukweni. Mama mkwe alimtazama mwanzo mpaka mwisho akiwa ameweka kiganja mdomoni. Akasema, tena. Nikarudisha. Akasema, tena. Alasiri ikaadhiniwa, akainuka akasali palepale pembeni ya mkeka, akarudi akakaa, akanitazama tu, nikarudisha. Hatukuvuka pale. Filamu ile inaishaje sijui mpaka leo, na flashi bado ninayo.

Ikafika mara ya sita au ya saba. Mzimamoto alipotokeza kichwa majini, mama mkwe aliinama mbele, akalitaja jina la mwanawe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita aje ale.

Nikarudisha bila kuambiwa.