Bukari ya Kamalondo na Bisiwa bya Sumaku

Niliondoka mutaa wetu wa Kasungami juu ya shauri la Ngoie, mutoto wa dada yangu. Alikuwa anasoma mambo ya moto kule Ulaya, akarudi likizo, na Kalenga wa mutaa wa Kamalondo alitaka kumuoa. Muzuri. Lakini baba ya Kalenga alituma neno: ndoa ndiyo, Ulaya hapana, muke akae nyumbani. Na Ngoie alibakiza mwaka moja tu! Kwetu bibi-arusi hasemi mbele ya bakwe, mujomba njo kinywa chake. Kinywa chenyewe njo miye, muntu aliyeacha masomo siku mwalimu alipoanza hesabu ya kugawa.

Tena kinywa hakiendi mikono mitupu. Upande wa muke unapeleka bukari, ugali wetu, na kuku, na lazima bifike na moto. Bikifika baridi, ni sawa umewaambia bakwe: mutoto wetu hajui jiko.

Asubuhi muke wangu alifunga sufuria ya bukari na bikwembe byake, bitenge bya kujifunga, kimoja juu ya kingine kama maganda ya kitunguu, na juu kabisa akaweka kasufuria ka muchuzi wa kuku. Ngoie alinisindikiza mpaka barabara kubwa, ananifundisha.

"Mujomba, tunataka kuwasha moto kama wa jua. Ukigusa chuma, chuma kinaharibika na moto unapoa. Basi tunauzungusha ndani ya kitu kama mupira wa ndani wa baiskeli, na sumaku inaushika bila kuugusa, tabaka juu ya tabaka."

"Kama hii bikwembe?"

"Njo vile! Shida, tabaka zinakatika, zinashikana upya vibaya, zinafanya bifuko. Tunabiita bisiwa bya sumaku. Hapo joto la ndani linakimbia nje. Kisiwa kikikua, kikakutana na kingine, moto wote unaweza kuzimika mara moja."

"Na dawa yake?"

"Bado, njo ninatafuta. Lakini kule usitaje hiyo 'bado'! Sema Ngoie anajua yote."

Nikaitika. Nani atabishana na mutoto wa Ulaya?

Soko la Kenya, mutaa wa hapa mujini, si ile inchi, jua limepanda. Ah, Kenya! Kulikuwa fundi moja pale, anakata viatu kutoka matairi, ukivaa vyake unazeeka mbele yavyo. Nilikuwa ninaviangalia, ngoma za Chama, kile kimoja cha inchi, zikalia: animation, kucheza na kuimba sifa za Mukubwa! Wakati ule, ukisimama kama muti karibu na animation, citoyen moja, muntu wa Chama, atakuja kukuuliza kama unaumwa. Lakini niseme kweli, hakuna aliyenilazimisha. Ngoma ikilia, kiuno changu hakiombi ruhusa. Nikacheza, sufuria juu ya kichwa.

"Papa wa sufuria, ongeza!" mama moja muuza nyanya akapaza sauti kwa kicheko. "Vijana banakuogopa!"

Nikaongeza. Halafu nikasikia kitu cha moto kinashuka kwenye shingo. Muchuzi, umelowesha na bikwembe upande moja.

Kamalondo nilifika ninanukia kuku. Papa Kalenga, baba ya bwana-arusi, alikuwa amekaa na ndugu yake, abacost, lile koti lisilo na tai, imefungwa mpaka kooni. Huyu muzee alizeeka mbele ya tanuru za shaba, moto haumudanganyi. Akafunua bikwembe pa juu tu, akaminya bukari. Upande moja moto, upande wa pili baridi.

"Mukwe, mumetuletea chura wa baridi?" muzee akauliza. Ndugu yake alicheka. Muzee akaongeza: "Mutoto wenu anafuga moto Ulaya, na bukari inabashinda toka Kasungami?"

Nilitafuta akili, nikapata kicheko tu. Nikacheka mpaka machozi, na katika kicheko nikaona jambo.

"Papa Kalenga, weka mukono upande mukavu. Kikwembe cha nje?"

"Baridi."

"Ingiza vidole. Cha katikati?"

"Vuguvugu."

"Cha ndani?"

"Moto!"

"Sasa huku kwenye muchuzi?"

Akapapasa, akarudia. "Byote sawasawa. Bimekuwa kikwembe kimoja, joto limepita."

"Tabaka zimeshikana, njo kisiwa! Njo ugonjwa Ngoie anaouganga, mule ndani ya sumaku."

Muzee akachuchumaa, anapapasa bikwembe kama fundi wa nguo. "Na dawa yake anayo?"

Nilifungua kinywa niseme anajua yote. Bukari ya baridi ilikuwa inaniangalia. Nikashindwa kudanganya.

"Hana. Bado hajui."

"Miaka yote ile, hajui?" ndugu akaruka.

"Nyamaza weye," Papa Kalenga akasema. "Angekuwa anajua, ningesema inatosha, akae. Mugonjwa bado iko kitandani, namna gani tufunge muganga kwa nyumba? Baoane, halafu aende kumaliza." Akaniangalia shingo. "Lakini chakula hamujaleta. Mulete tena. Na weye, mukwe, utembee na miguu, si na kiuno."

Kurudi, sikumbuki njia, nilikuwa ninaimba. Ngoie alisimama nje, vidole kwenye mudomo.

"Ulisema ninajua?"

"Nilisema haujui."

Akafunika uso. "Mujomba, umeniua!"

"Bamekubali. Utaenda."

Alinirukia, muchuzi ukamupata naye, tukaanguka wote wawili kwenye vumbi, tunacheka kama bakichaa. Kamalondo iko karibu, si safari ya kujisifu. Lakini njo kule nilijifunza: neno "sijui", ukilisema wazi mbele ya bakwe, linaweza kumupandisha mutoto ndege.