Usikunje Uso

Binti yangu alipoanza kujifunza filimbi, majirani wote wa fleti yetu ya Ganjoni waliujua wimbo wake kabla yeye mwenyewe hajaujua. Kila jioni alikwama pale pale katikati, akasonya, akaitupa filimbi kitandani. Hasira hizo kazitoa kwangu, sikatai.

Mwalimu wake alimpa sharti moja: ukikosea mbele za watu, usisimame wala usikunje uso. Endelea.

Siku ya wazazi alifika pale pale, akakosea. Mimi nikamaka, "Yallah!" mpaka baba mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka. Mtoto hata hakupepesa jicho. Alipuliza mpaka mwisho, ukumbi ukajaa vigelegele, na lile kosa hakuna aliyelijua ila sisi wawili.

Ijumaa iliyofuata mavyaa, mamake mume wangu, alikuja kula kwetu. Nilifunua sufuria ya pilau nikakuta imeungua chini. Nikashika kiuno, nikavuta pumzi, tayari kumfokea mume, mtoto, hata jiko lenyewe.

Binti yangu akanisogelea na sinia. "Mama," akaninong'oneza, "usikunje uso. Pakua."

Nikapakua, meno nje. Mavyaa alikula, na mimi namtazama kila tonge. Mara akanyoosha shingo kuelekea jikoni.

"Mwanangu, na ule ukoko wa chini u wapi? Usiniambie mmejifichia wenyewe!"