"On Part" ya Juni

Mara ya mwisho kusimama ndani ya mto nilikuwa Uvira, mji wa kwetu, kabla ya vita kututawanya. Ndiyo maana, miaka ile ya tisini, mtu aliponitajia mito ya kaskazini kabisa mwa Uswidi, alinigusa penyewe. Mtu huyo alikuwa mkubwa wangu. Hatukuzaliwa tumbo moja. Tulitoka mtaa mmoja tu, na ndiye aliyenipokea Brussels nilipofika na begi langu moja. Yeye alikaa Uccle, nyumba yenye bustani, na mke Mbelgiji. Mimi nilikaa Schaerbeek na kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja huko Jette.

Baba mkwe wake alikuwa amemfundisha kuvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoano ndogo inayofungwa uzi na manyoya ya jogoo mpaka samaki adhani ni mdudu. Majira yote ya baridi, Jumapili baada ya misa, tulitandaza ramani za Laponia, ndiko kaskazini kwenyewe, juu ya meza yake. Tulichagua mto. Tulibishana kuhusu hema, kuhusu mbu wa huko ambao inasemekana hawana adabu hata kidogo, na kuhusu jua la Juni lisilotua: mtu atajuaje saa ya kulala? Yeye alisoma ramani, mimi nilifunga nzi, maana vidole vyake vilikuwa vinene na subira hana. Manyoya nilipewa na mchinja kuku Mturuki wa mtaani kwetu, aliyeamini kwamba natengeneza dawa.

"Bon, petit, mu juin on part," aliniambia kila nilipovaa koti kuondoka: haya mdogo wangu, Juni ni safari.

"Ndiyo, grand."

Hicho kineno, on, Wafaransa wanakitumia wapendavyo. Kinaweza kuwa sisi, kinaweza kuwa watu fulani tu. Mimi nilisikia sisi. Na kumuuliza mkubwa kama nami nimo, kwetu ni kujialika mezani kwa watu. Basi sikuuliza. Nilifanya kazi Noeli na Mwaka Mpya ili nipewe likizo ya Juni. Nikanunua suruali ya mpira inayofika kifuani. Nikajizoeza kurusha mshipi kwenye nyasi za bustani ya umma, kipande cha sufu mahali pa ndoano, huku mabibi wa Kituruki wakinicheka bila kujificha.

Wiki ya safari aliniita. Nilienda na kisanduku cha nzi, nimejaa furaha. Alikifungua, akawageuzageuza, akawasifu, kisha akakitia kwenye mfuko wake wa safari. Halafu akanipa funguo za nyumba.

"On part vendredi," alisema, yaani Ijumaa. "Utakuwa unakuya kumwangia maua mayi. Na paka, umupatie chakula."

Nilidhani ananitania. "Na miye?"

"Weye nini?"

"Miye siendi?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na ndio unaoniudhi mpaka leo. "Petit, ni safari yetu na beau-père, baba mukwe wangu, tangu mwanzo. Nilizania unajua. Weye ulikuwa unanisaidia, donc, merci mingi."

Nilikuwa nimesalitiwa, na aliyenisaliti alikuwa ananishukuru. Afadhali angenidanganya, angalau angekuwa amenifikiria. Huyu alikuwa amenikalisha pale mezani majira yote ya baridi, akaninywesha kahawa, na haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba mtu anayefunga nzi anaweza kutaka kwenda.

Mkewe akaingia na biskuti, akaniuliza kwa upole nitapumzika wapi likizo hii. Niliziweka funguo mezani, nikamwita mume wake kwa jina, jina tupu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya wala sikuwahi kusikia mtu wa umri wangu akilifanya. Nikamwambia anirudishie nzi wangu.

Uso ulimbadilika, nikaona kwamba sasa ameelewa. Akakitoa kisanduku polepole.

"Utawapeleka wapi?" aliuliza.

Sikuwa na pa kuwapeleka. Niliwachukua hivyo hivyo, nikatoka kwenda kungoja tramu.