Simfoni na Moyo wa Mwalimu

Jumapili iliyopita mpwa wangu aliniwekea simfoni kwenye simu, ya Waingereza, nikiwa nakaanga vitunguu. "Auntie, si ulisema unapenda hizi vitu?" Nikazima jiko. Usinifikirie vizuri kupita kiasi, haikuwa kwa heshima ya muziki. Ngoma zile kubwa zilipoanza kunguruma kwa mbali niliogopa, mtu mzima mimi, mwenye nyumba na ufunguo wake, nikaogopa kama mtoto.

Unanijua lakini. Mimi nikienda soko la Kitengela nahesabu kuwa nimesafiri, na nikirudi navua viatu kama mtu aliyetoka kuhiji. Ila niliwahi kuwa mdogo, na mtoto haendi, hupelekwa.

Wakati huo Kitengela yetu ilikuwa na nyasi kuliko nyumba. Kwa nyanya ungeona nyumbu wakipita nyuma ya choo, na tuliitwa ndani mapema kwa sababu simba walitoka mbugani kuja kuulizia mbuzi. Niliogopa simba, niliogopa kisima, niliogopa bata wa jirani. Nyanya alikuwa akisema, "Huyu angezaliwa kobe, hangehangaika kutafuta mlango."

Jirani mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu kutoka magharibi mwa Kenya, mrefu, mwenye suti moja ya kahawia na wazimu mmoja: simfoni za Waingereza. Wamishonari walimfundisha kusoma nota akiwa kijana, na ugonjwa huo haukumtoka. Alikuwa na redio ya kaseti, na kila Jumapili baada ya kanisa alituita sebuleni kwake. Mama Mwalimu, mkewe, alituletea njugu za kuchemsha, nasi tulizimumunya kimyakimya, maana kupasua ganda wakati fidla zinalia ilikuwa dhambi.

Stima haikuwa imefika. Betri zilianikwa juu ya bati tangu Jumamosi ili jua lizirudishie nguvu, na jua lilijitahidi tu. Muziki ulianza vizuri, kisha ukawa unazama, polepole, tarumbeta zikilia kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope. Sisi tulidhani ndivyo ulivyotungwa. Mwalimu naye, baada ya miaka mingi ya betri zilizochoka, nadhani alikuwa amesahau kwamba kuna mwendo mwingine. Aliongoza kwa mwiko, macho amefumba. Ngoma kubwa zikifika, mimi nilikuwa tayari nyuma ya kiti cha Mama Mwalimu. Niliogopa, na Jumapili iliyofuata nilikuwa wa kwanza mlangoni. Sijui kukueleza vizuri zaidi ya hapo.

Basi habari ikaja kwamba vijana wanamuziki kutoka Uingereza wangetembelea shule moja ya wasichana kule Kajiado, na wangepiga mojawapo ya simfoni zile zile, bwaloni, na kila mtu amekaribishwa. Mwalimu hakuwa amewahi kuona okestra kwa macho yake. Na majuma machache kabla, daktari wa zahanati alikuwa amemwambia moyo wake umepanuka: asibebe maji, asikasirike, asifurahi sana.

"Hiyo ngoma itakuua, Baba," Mama Mwalimu alisema.

"Basi nitakufa nikisikia kitu. Wengine wanakufa wakisikia redio ya jirani."

"Unafanya mzaha, na mimi niko na hii miguu mbaya. Nani atakuangalia?"

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa mdomo umejaa njugu.

Siku yenyewe Mama Mwalimu alinishika mabega. "Wewe usiangalie wazungu. Angalia kifua. Ukiona ameshika hapa, piga kelele. Usione haya." Nyanya, akinifunga utepe wa nywele, akacheka: "Leo kobe amepewa kazi ya mbwa."

Bwalo lilinuka maharagwe na sakafu iliyotoka kupigwa deki. Bibi mmoja wa Kimaasai alikuwa ameketi upande wangu, nikamwinamishia kichwa kama watoto wa kwao wanavyoamkia wazee, akakigusa kwa kiganja na kunisalimu, "Supa." Halafu kiongozi wa wanamuziki akainua kijiti.

Walikimbiza muziki! Nilidhani wana haraka ya kurudi Nairobi kabla ya giza. Kidole cha Mwalimu kilianza kupiga mwendo wake juu ya goti, ule wa sebuleni, kikaachwa nyuma, kikajaribu kufuata, kikasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi kwao akakuta mlango umehamishiwa upande wa pili. Nami sikuona fidla wala tarumbeta. Niliona vifungo vya koti vikipanda na kushuka, na nilisahau kupumua kwangu mwenyewe.

Ikaja sehemu ya taratibu. Fidla zilipungua hadi nikasikia bati likilia kwa joto na ng'ombe akilalamika nje ya ua. Hapo mkono wa Mwalimu ukapanda, ukashika koti kifuani. Kichwa kikainama. Mdomo ukaachama.

Nikapiga kelele.

"Mwalimu anakufa!"

Chini ya bati, rafiki yangu, sauti ya mtoto ni king'ora. Fidla moja ilipotea njia. Kiongozi aligeuka na kijiti hewani. Bibi wa Kimaasai alisimama akimwita mama yake.

Mwalimu akafumbua macho, yamejaa machozi. Hakunigombeza. Alichukua mkono wangu akauingiza ndani ya koti, akaukandamiza pale. "Sikia," alininong'oneza. "Iko. Inaenda na wao."

Wakaanza tena, naye hakuuachilia. Nusu ile ya mwisho niliisikia kwa kiganja. Ngoma kubwa zilipofika sikujua kipi ni ngoma na kipi ni moyo, na niliogopa kimojawapo kisimame, hasa kile cha karibu.

Hakikusimama. Nyanya alinitania kwa mwaka mzima, na Mwalimu akaishi miaka mingine mingi. Alikuja kufa siku ya kawaida akipalilia sukuma, bila muziki wowote. Nilikuwa shule ya bweni. Mama Mwalimu alimkuta alipompelekea chai.

Nyumba yao sasa ni gorofa lenye vioo vya buluu. Nyumbu wamefungiwa njia kwa seng'enge, na Mama Mwalimu alichukuliwa na wanawe huko magharibi. Hakuna sebule Kitengela ambapo mtu atakukataza kupasua njugu.

Kilichobaki ni uzembe wangu kanisani. Nikikaa karibu na mzee, mahubiri yananipita. Naangalia kifua chake. Juzi mmoja alichoka kuangaliwa.

"Mama, kwani koti yangu iko na doa?"

"Kidogo tu, Baba."

Akajipangusa, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Ndipo nami nikapumua.