Moto wa Maganda

Pale Olasiti yupo mwanamke anaitwa Nashilu, ila wenzake wamempa jina la pili, Mama Jalala, na wanamwita hivyo hivyo hata akiwa anasikia. Kazi yake ni kuokota vya watu. Maganda ya ndizi, magunzi, karatasi, vumbi la mkaa linalobaki chini ya gunia, vyote anapakia kwenye toroli. Mbuzi wa mtaa ule wakimwona anakuja wanameza maganda bila kutafuna. Anayebisha akawaulize mbuzi wenyewe.

Akifika kwake anaanika, anachoma ndani ya pipa lililofunikwa, anasaga, anakanda kwa uji wa muhogo, anafinyanga vitonge na kuvirudisha juani. Vikikauka, ni mkaa usiotoa moshi. Si kwamba alipenda uchafu. Marehemu mumewe alikuwa mchoma mkaa, alikata miti ya mlimani mpaka kijito chao kikabaki mawe, na mahindi yakawa yanazeeka yakiwa na kimo cha paka. Kisha siku moja akaja mtaalamu pale usharikani, akawaambia kina mama kwamba taka za jikoni zikirundikwa zikaoza zinatoa gesi inayoshika joto huko angani, na kwamba mti ukichomwa, ile hewa chafu uliyoinywa miaka yote unaitapika. Wenzake walisikiliza huku wakingoja soda. Nashilu alirudi nyumbani akaitazama ndoo yake ya maganda kama mtu aliyekuta nyoka uvunguni.

Mwanawe wa pekee, Sankale, dereva wa watalii mwenye nyumba nzuri Ngaramtoni, aliona aibu. Alipooa alimwomba mama yake aje harusini bila toroli, kana kwamba lile toroli ni mguu wake. Nashilu aliposikia kwamba mkewe Sankale, Elinaza, ana mimba, akaanza kunenepesha kondoo.

Maana kwao, mke wa mwana akijifungua, kondoo anachinjwa, mafuta yake yanayeyushwa anywe mzazi, na kina mama wanakula supu. Bibi mzaa baba ndiye msimamizi wa jiko, na kazi ikiisha anapakatishwa mjukuu mbele ya wote. Nashilu alikuwa akikitaka hicho tu. Kondoo alinona mpaka ikabidi atolewe zizini kwa kuvutwa, mkia ukifuata baada ya muda.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Nashilu akafika Ngaramtoni na kondoo wake kwenye kamba na kiroba cha mkaa kichwani. Getini alikutana na Mama Anande, mama yake Elinaza, Mmeru mwenye kifua kipana aliyekwisha kuitawala nyumba ile mpaka mapazia.

"Mama Sankale, kondoo apite," akasema. "Kiroba kibaki nje. Maganda hayo yametoka kwa wagonjwa gani, kwa walevi gani, hujui. Mafuta ya mzazi yapikwe kwa hayo, mtoto abebe mikosi ya Olasiti nzima? Na wewe pumzika tu hapo. Mikono hiyo imeshika nini asubuhi?"

Nashilu akamtazama mwanawe. Sankale akamtazama kondoo. Mwisho akamletea mama yake kigoda, akamweka karibu na banda la mbwa.

Sankale alikuwa amenunua gunia la mkaa sokoni Kwa Mrombo. Juu lilikuwa na mapande ya kupendeza, chini vumbi na mawe. Moto ukafa nyama ikiwa bado inataka kulia mee. Sankale akapita pale kwenye kigoda, akachota vitonge vya kiroba akajaza karai, bila kumtazama mama yake usoni.

"Usiseme kitu, mama," akanong'ona. "Wageni wakiondoka nakuletea mtoto."

Supu ikaiva. Kina mama wakasifu mkaa usiofuka, na Mama Anande akawaambia kwamba mkwe wake anajua kuchagua mkaa. Nashilu alisikia yote pale kwenye kigoda chake. Baadaye Mama Anande akamletea bakuli kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Ndani mlikuwa na mifupa mitupu.

"Usiitupe, Mama Sankale. Kaichome nayo."

Kina mama walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa na akapigwa mgongo.

Jioni wageni wakaondoka. Nashilu akangoja. Mlango ukafungwa, akaambiwa mtoto amelala. Sankale akasema labda kesho, akaenda kuosha gari.

Nashilu akainuka. Jikoni uani lilikuwepo sufuria kubwa la maji ya kumkanda mzazi, yameanza kuimba, na baridi ya mlima Meru ilikuwa imeshashuka. Akalishika sufuria, akayamwaga maji yote juu ya moto. Kisha akajitwika kiroba chake akaelekea getini.

Mama Anande akatoka mbio. "Umefanya nini? Mzazi hajakandwa!"

"Washeni gunia la Kwa Mrombo. Mimi nabeba maganda yangu, yale mliyopikia supu."

Mama Anande akamtazama Sankale. Sankale akatazama tairi.

Elinaza, aliyekuwa kitandani siku nzima, akasema kutoka chumbani, "Mama, mpe mtoto. Nasikia baridi."

Mama Anande akamleta mtoto kama anayeazimisha chungu kwa mtu asiyerudisha. "Maji yakichemka namchukua," akasema.

"Sawa," akajibu Nashilu, na akamwagiza Sankale awashe jiko upya kwa mikono yake mwenyewe. Vitonge akamchagulia. Katika kiroba mlikuwa na vya zamani, vikavu kama mawe, na mlikuwa na vya juzi alivyovifinyanga kwa haraka ya furaha, bado vina maji ndani. Akampa vya juzi.

Kisha akaketi, akamfunika mjukuu kwa shuka lake. Ndani meno ya Elinaza yaligongana mpaka yakasikika uani. Jiko likafuka moshi mweupe.

"Yamechemka?" akauliza Mama Anande.

"Bado, mama," akajibu Sankale, machozi yakimtiririka.

"Puliza, baba," Nashilu akamwambia taratibu, asimwamshe mtoto. "Puliza tu."