Mama Mkwe Alivyoutafuta Mtandao Chumba kwa Chumba

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani hapa Kamembe. Nilipohamia kwake baada ya ndoa, nilikuwa tayari nafundisha wageni Kiswahili kwa njia ya mtandao, naye akanipa chumba cha nyuma kiwe darasa langu. Chumba kilikuwa kitulivu, ila Wi-Fi haikufika. Kisanduku chake kilikaa sebuleni, sakafuni nyuma ya televisheni, na ukuta wa chumba changu ulikuwa wa mawe. Nikawa nafundishia jikoni, maharagwe yakichemka mgongoni kwangu.

Fundi wa mtandao alikuja, akasimama sebuleni, akasema tununue vifaa vingine vitatu. Huko nyuma hakufika kabisa. Mama mkwe alimsindikiza kwa heshima, kisha akaniambia, "Huyu anataka kukata nguo na hajapima muntu."

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, alimpigia simu ya video binti yake anayeishi Bukavu. Nilicheka peke yangu kuona wifi yangu anatumiwa kutafuta Wi-Fi. Mkono mmoja simu, mkono wa pili chaki ya kushonea, mama mkwe akaanza kutembea.

"Uko unanisikia?"

"Niko nakusikia, Maman."

Hatua mbili tena. "Na hapa?"

"Sura yako imeganda."

Aliinama akachora mstari sakafuni. Palipokuwa pazuri alichora duara. Mimi niliona haya, nikamwambia, "Maman, haya ni mambo ya mafundi."

"Na mimi ni nani?" akauliza, bila kukasirika, akaingia chumba kinachofuata.

Hadi alasiri nyumba nzima ilikuwa imechorwa, na hapo hata mimi nikaanza kuona. Maduara yalipita milangoni, yakakoma ghafla nyuma ya kabati la chuma tunalowekea vitambaa. Tulilitoa kabati pale, tukalisukumia ukuta wa nje, akampigia tena binti yake. Vyumba viwili vilipona. Changu bado.

Akaamua kisanduku kihamie kwenye korido, katikati ya nyumba, juu karibu na dari. Ilibidi yule fundi arudi kurefusha waya. Alipoingia alikanyaga kwa uangalifu, akachuchumaa, akatazama michoro kwa muda mrefu.

"Nani amewafanyia hii?"

"Tumepima tu," mama mkwe akajibu.

Alirefusha waya, akakiri kwamba sasa kifaa kimoja kidogo cha kupokea na kupitisha mawimbi kingetosha. Akawa anakipeleka chumbani kwangu akichomeke humo. Mama mkwe akamzuia. "Mule haisikii kitu. Muntu hajasikia habari, atapeleka gani mbele?" Akamwonyesha duara la mwisho, hatua chache kabla ya mlango wangu. Fundi alitabasamu, akakichomeka hapo hapo.

Siku iliyofuata nilifundisha saa nzima chumbani kwangu, mlango wazi kama alivyoniagiza, bila sauti kukatika hata mara moja. Nilitoka kumshukuru, nikamkuta kwenye cherehani anashona sare za shule. Hakutaka shukrani ndefu. Aliniuliza wanafunzi wangu ni watu wa wapi, na kama angeruhusiwa kumsalimia mmoja.

Wiki hiyo hiyo aliketi kando yangu, mtandio ameupanga vizuri, akamuuliza mwanafunzi wangu, mama wa makamo, habari za batoto wake. Mwanafunzi hakuelewa. Mama mkwe akarudia taratibu, akionyesha kwa mikono kimo cha mkubwa, kisha cha mdogo, akasubiri. Kwa kawaida mimi ningeshamtafsiria. Yeye alisubiri tu, na yule mama akamjibu kwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunijibu mimi.