Vikwembe Sita Juani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kila aliyewahi kufanya kazi nami katika wodi ya wazazi hapa Kalemie anajua. Hazikai. Zinapanda kama maziwa jikoni, zinashuka, na baada ya dakika mbili nakuuliza kama umekunywa chai. Lakini zikiwa zinapanda, ukae mbali. Siku ninayoikumbuka hapa, ni hasira hizo zilizonitoa nje ya wodi, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba hakunipa upole.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tisa wa uuguzi, na nilijiona najua. Kwenye kitanda cha pili kutoka dirishani alilala binti wa miaka kumi na tisa hivi, uzazi wake wa kwanza. Alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuuza samaki. Mumewe alikuwa kazini mbali, mji wa Bendera, kwa hiyo aliyemleta ni mama mkwe wake, kutoka Zongwe, kwa mtumbwi wa injini, na uchungu ukiwa umekwisha kumshika njiani.

Huyo mama mkwe nilimpenda mara moja. Mama mrefu, mkavu, kilemba kimefungwa sawasawa, haketi. Kwetu hospitalini muuguzi anatoa dawa na kuangalia mgonjwa, lakini chakula, kuoga na kufua ni kazi ya watu wa nyumbani. Wengine wanafika hapo wanaanza kupiga soga, na ndoo inalala chafu mpaka unagomba. Yeye hapana. Saa mbili nilipopita kukagua, nikafunua shuka la yule binti, nikakuta kikwembe kisafi kabisa, kitenge kilichokunjwa chini yake kama kitambaa cha meza ya padri. Hakuna harufu, hakuna doa.

Nikaandika kwenye karatasi yake: damu, kawaida.

Halafu nikaweka mkono tumboni, kuangalia kama kizazi kimejikaza. Baada ya kuzaa, kizazi kinatakiwa kiwe kigumu kama ngumi, ndiyo kinavyofunga mishipa ya damu. Lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kumfunga tumbo, kama wanavyofanya wamama wetu, kitambaa kimezungushwa mara nne na kukazwa kwa fundo kubwa. Kufungua lile fundo na kulifunga tena kulihitaji muda, na nilikuwa na vitanda kumi na kimoja. Nikabonyeza juu ya kitambaa. Nikasikia kitu kigumu. Nikaandika: kizazi, kigumu.

"Uko namna gani, mama?" nikamuuliza binti.

"Niko muzuri," akajibu, akapiga miayo.

"Amechoka," mama mkwe akasema. "Alizaa kwa taabu."

Na mimi, kwa kujua kwangu kote, nikageukia vitanda vingine nikasema kwa sauti kwamba wote wamwangalie huyu mama wa Zongwe, huu ndio usafi, wajifunze. Yule mama akainamisha macho kwa haya, lakini niliona amefurahi. Ninajua sasa kwamba baada ya sifa zile alizidisha mbio.

Ilipofika saa nne nilisikia mtu wa ofisi akilalamika kwamba kuna nguo zimeanikwa kwenye ua wa mbele, pale wageni wanapoingilia. Jambo hilo nimeligombea miaka yote tisa. Tuna kamba nyuma, tuna majani nyuma, jua la nyuma ni lilelile, lakini watu wanataka ua wa mbele. Nikatoka hasira zikiwa zimefika shingoni, maneno nimeyapanga.

Ua ulikuwa umejaa vikwembe. Vyote vya mtu mmoja, maana vilikuwa vya bei ile ya heshima, vya kutunzwa sandukuni kwa ajili ya siku ya uzazi. Kimoja kilikuwa na maua ya njano, na hicho ndicho nilichokiona kitandani saa mbili. Nikaanza kuvihesabu ili nijue ukubwa wa ugomvi. Sita. Viwili vya mwisho vilikuwa bado vinadondosha maji, na maji yenyewe yalikuwa mekundu kidogo.

Sita, tangu alfajiri. Na jua lilikuwa bado la asubuhi.

Maneno yote niliyoyapanga yakanitoka kichwani. Tumefundishwa kutokukimbia, wagonjwa wanaogopa, kwa hiyo nilitembea, lakini nadhani hata askari wa mlangoni alijua kwamba kuna jambo.

Binti alikuwa palepale, mtoto kifuani, anapiga miayo. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi, na wenye jasho. Mapigo ya moyo yalikwenda mbio mpaka hesabu ikanipotea, nikaanza upya kwa saa yangu. Nikampima tansio, yaani presha, na tansio ilikuwa bado nzuri. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mwili wa kijana unajibana, unajibana, mashine inakuambia mambo sawa, halafu unaanguka kwa mara moja na hakuna wa kuuokota. Daktari alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji na mama mwingine, hangetoka kwa nusu saa. Ningeweza kumngoja, karatasi ingenitetea: damu kawaida, kizazi kigumu, tansio nzuri. Mwandiko wangu mwenyewe. Nilimtazama yule mtoto anayenyonya nikaogopa, niseme kweli.

Nikamwita mwenzangu alete seromu, maji ya kutia mshipani, na sindano ya kukaza kizazi. Halafu nikafungua lile fundo.

Kilichokuwa kigumu asubuhi kilikuwa kitambaa. Chini yake kizazi kilikuwa laini kama unga wa mikate uliokandwa, kimepanda juu na kusogea upande wa kuume, na nilipobonyeza, damu ikashuka juu ya kile kikwembe kisafi cha saba. Kizazi hakisogei upande bila kusukumwa. Nikapapasa chini zaidi, nikakikuta kibofu kimejaa, ndicho kilichokizuia kizazi kisijikaze.

"Umekojoa tangu uzae?"

Akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka. Angekojoa vipi, ndani ya wodi, mama wa mumewe amesimama pale na beseni?

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa ameganda, anatazama damu.

"Mama, chukua kikwembe, kishike hivi, kama pazia. Utupe mugongo. Usigeuke mpaka niseme."

Akakishika. Pazia halikushuka hata kidogo. Mwenzangu akatoboa mshipa, seromu ikaanza kwenda, sindano ikaingia pajani. Mimi nikapitisha mpira wa mkojo, na mkojo ukajaza beseni, sikuwahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile. Kisha nikaweka mkono juu ya kizazi nikaanza kukikanda, duara kwa duara. Binti akalia kwamba naumiza. Nikamwambia najua, unitukane tu.

Sijui ni muda gani. Mkono uliniwaka mpaka bega. Halafu chini ya vidole nikakisikia kinabadilika, polepole, kinajikusanya, kinakuwa ngumi. Nikaacha kukanda, nikakiachia mkono, nikangoja. Hakikulegea. Damu ikapungua, ikawa ya kudondoka, ikawa karibu hakuna. Mwenzangu akahesabu mapigo, akahesabu tena, yalikuwa yanashuka.

Daktari alipotoka nilimweleza yote kwa mpangilio, hata la kitambaa. Akamchunguza, akaangalia kama kuna kipande cha kondo kilichobaki, hakuna. Akaagiza apimwe damu, akasema tuendelee hivyohivyo. Nilichukua karatasi, nikapiga mstari juu ya neno "kigumu", nikaandika kando yake ukweli na saa. Kisha nikaenda nyuma ya jengo, kwenye zile kamba ambazo hakuna anayezitumia, nikacheka peke yangu na machozi yakinitoka. Nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia la makaa.

Mama mkwe alinikuta hukohuko.

"Mama muganga," akasema, "ningemuua mutoto wa watu."

Akanieleza. Kwao damu ya mzazi haionyeshwi. Akija jirani mwenye jicho baya, au hata mtu mwema tu, akaiona, binti anaaibika, na aibu yake ni aibu ya nyumba iliyomuoa. Mama yake binti alikufa zamani. Huyu ndiye aliyebaki wa kumsitiri, basi alikuwa anamsitiri. Kila kikwembe kilipolowa, akakichomoa, akaweka kingine, akakimbia bombani kabla sijapita.

"Na wewe ulisema wote wanitazame," akaongeza, bila lawama, na hapo nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, hata mimi sikufungua kile kitambaa," nikamwambia. "Tulikosa wote wawili. Sasa tusikie: kuanzia leo, usifue kitu kabla sijakiona. Mimi peke yangu. Sitamwambia muntu."

Kumwambia hivyo ilikuwa kama kumwambia atembee uchi sokoni, nilijua. Nikampa nafasi.

Kesho yake nilifika kazini mapema kuliko zamu yangu. Nilijidai nina karatasi za kumaliza. Binti alikuwa ameketi, anakula uji, midomo imepata rangi. Nilimfungua kitambaa cha tumbo bila kuhesabu muda, nikakuta ngumi yangu pale chini, ngumu, kweli ngumu.

Mama mkwe alinisubiri kwenye kona, karibu na mlango wa kwenda bombani. Alikuwa amebeba kikwembe chini ya nguo yake kama mtu aliyeiba kuku. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakitoa na kukikunjua mbele yangu, uso wake ameugeuzia ukutani.

Lilikuwa doa moja, lisilozidi kiganja cha mtoto.

"Iko namna gani?" akauliza ukuta.

"Iko muzuri, Mama. Njo inavyotakiwa."

Mabega yake yakashuka. Akakikunja kile kikwembe, akaniuliza kwa sauti ndogo, mama mzima yule:

"Nifue sasa?"

"Fua, Mama," nikamwambia. "Na uanike unapotaka."